Mfundishe Hodi Kabla Hujampa Simu

Katika familia nyingi za Tanzania, simu janja ya kwanza ya mtoto huingia nyumbani mwezi Novemba. Mtihani wa kidato cha nne umekwisha, tranka la bweni limerudi, na mbele kuna miezi ya kungoja hadi kidato cha tano kifunguliwe Julai. Mjomba anatoa simu yake ya zamani yenye ufa kwenye kioo, au baba anatimiza ahadi aliyoiweka tangu kidato cha pili. Usiku huohuo kijana anafungua akaunti. Wiki haijaisha ana wafuasi 200, na wengi wao hajawahi kuwaona kwa macho.

Mzazi anayengoja Novemba hiyo ndipo aanze kufundisha amechelewa. Kabla mtoto hajapata simu yake, alikuwa akishika ya kwako. Aliiomba atafute mitihani ya miaka iliyopita, akaishia TikTok. Pengine akaunti yake ya kwanza ipo tayari, imefunguliwa kwa namba yako na kwa mwaka wa kuzaliwa usio wake. Kwa hiyo ninayoandika hapa yanakuhusu wewe mzazi au mlezi wa mtoto wa miaka 12 hadi 17, awe na simu yake au bado anaazima.

Ahadi itangulie

Kwenye vikao vya wazazi swali huwa lilelile: niweke programu gani ya kumchunga? Programu hizo zipo, na nyingine zinasaidia. Lakini fikiria usiku ambao mambo yataharibika. Ni saa tano, wewe umelala, na mtu asiyemjua anamwandikia kijana wako kwamba picha yake itasambazwa darasa zima asipotuma pesa kabla ya asubuhi. Wakati huo hakuna programu itakayomwokoa. Kitakachomwokoa ni kugonga mlango wako.

Machi 2022, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, mvulana wa miaka 17 alitishwa hivyo kwenye Instagram na watu waliojifanya msichana. Walimdai pesa, akalipa kiasi, wakadai zaidi. Kabla ya kupambazuka alikuwa amejiua, na baba yake alikuwa nyumba hiyohiyo. Ndugu wawili kutoka Lagos, Nigeria, walipatikana, wakapelekwa Marekani, na Septemba 2024 kila mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 17 na miezi 6. Nimeitaja kesi hii ya mbali kwa sababu ilifika mahakamani na mambo yake yakawekwa wazi, na kwa sababu inaonyesha jinsi muda unavyokuwa mfupi. Inatufungua macho pia kwamba hatari hii si ya mabinti peke yao. Vitisho vya picha kwa ajili ya pesa huwaandama sana wavulana, nasi wavulana huwa tunawaacha bila kuwaambia neno.

Basi kabla ya mipangilio yoyote, mpe mtoto ahadi, na uitamke kwa maneno kamili: “Mwanangu, ukipata tatizo la mtandaoni, njoo uniambie, hata usiku wa manane, hata kama kosa ni lako. Sitakunyang’anya simu kwa sababu umeniambia.” Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mtoto anaogopa kunyang’anywa simu kuliko anavyoogopa fimbo, na mtu mbaya analijua hilo. Ndiyo maana humwandikia, “Mama yako akijua atakuua.”

Ahadi hiyo utapimwa nayo kwenye mambo madogo. Siku binti yako atakapokuambia kwamba kuna mkaka amemwandikia inboksi “mambo mrembo”, usiruke. Muulize kama anamfahamu, amejibu nini, anataka mfanye nini. Ukimfokea kwa hilo dogo, kubwa hutalisikia. Utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF katika nchi kadhaa zikiwemo Kenya na Tanzania, ulikuta kwamba watoto waliodhulumiwa kingono mtandaoni, wanapoamua kusema, humwambia rafiki zaidi kuliko kwenda polisi au kupiga simu ya msaada. Ulikuta pia kwamba mara nyingi mdhalimu ni mtu wanayemfahamu. Kwa hiyo “usiongee na wageni” peke yake ni funzo pungufu.

Baraza, sebule na chumba

Ukimwambia kijana neno faragha, anasikia siri, na siri kwake ni jambo baya linalofichwa. Anza na nyumba. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa hatua: unapita daka, unafika tekani, ambayo imepindishwa ili mpita njia asione ndani, kisha kiwanda, kisha misana, na mwisho kabisa ndani, ambako mgeni hafiki. Waliojenga hivyo hawakuwa na ubaya wa kuficha. Walijua kwamba kila mtu ana mahali pake pa kuishia. Na hata asiye na nyumba ya mawe ana hodi: unasimama nje, unaita, unangoja “karibu”, usipojibiwa unaondoka. Mtoto wetu huijua hodi kabla ya kujua kusoma. Kwenye simu ndiko hajaambiwa kwamba inahitajika vilevile.

Chukua karatasi umchoree nyumba yenye sehemu tatu: baraza wanakopita watu wote, sebule ya marafiki na ndugu, na chumba chake. Kisha mpe vitu avipange mwenyewe: jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, jina la shule, picha akiwa na sare, namba ya simu, mahali anapofanya kazi mama, njia anayorudia nyumbani, matokeo ya mtihani, ugonjwa wake, ugomvi wake na rafiki, picha akiwa amevaa kanga tu. Usimsahihishe haraka. Akishamaliza, panga na wewe vya kwako kwenye karatasi nyingine, kisha mlinganishe. Pale mnapotofautiana ndipo penye mazungumzo. Utashangaa kuona kwamba kuna mambo yeye ameyaweka chumbani ambayo wewe umekuwa ukiyamwaga barazani kwa miaka.

Hatua inayofuata ni kufungua picha zake 3 za mwisho alizoposti na kumuuliza kuhusu kila moja: “Picha hii imesema nini ambacho wewe hukusema?” Nembo kwenye sweta imetaja shule. Ubavu wa daladala umeonyesha njia. Kibao cha duka la dawa nyuma yake kimetaja mtaa. Saa aliyoposti, siku baada ya siku, imetaja muda anaoshuka kituoni. Mtu asiyemjua hahitaji kumuuliza chochote, ameshaambiwa. Mfundishe mazoea mawili ya kuzuia hayo: picha ya safari au ya mtoko huwekwa baada ya kurudi nyumbani, na sare haiingii mtandaoni. Mahali alipo pa moja kwa moja, ambapo WhatsApp huruhusu kuonyesha kwa dakika 15, saa 1 au saa 8, aonyeshe ndugu wa nyumbani tu na kwa sababu maalumu, kama vile kurudi usiku. Kama anatumia Snapchat, hakikisha ramani yake haionyeshi alipo.

Hodi ni ya pande zote. Kabla hajaweka picha ya rafiki, amwombe. Kabla hajapeleka kwenye grupu skrinshoti ya mazungumzo ya watu wawili, ajiulize kama mwenzake alimruhusu kufungua mlango. Na hapa, mzazi mwenzangu, funzo linaanzia kwako. Mara ngapi tumeweka stetasi ya mtoto akiwa kitandani hospitalini, au matokeo yake yenye namba ya mtihani, au keki yenye jina na umri? Nchini Kenya sheria imeshalisema jambo hili kwa sauti: Septemba 2023 ofisi ya kulinda taarifa binafsi iliitoza faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya shule moja ya Uthiru, Nairobi, kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini usingoje sheria. Kuanzia leo, muulize mtoto wako kabla ya kuweka picha yake. Akisema hapana, usiweke. Hapo ndipo atakapojifunza kwamba hapana ni neno linaloheshimiwa, na kwamba anaweza kulisema kwa mtu mwingine yeyote.

Kwa sababu hiyohiyo siungi mkono mzazi kusoma meseji za kijana wake kwa kificho. Ni kuingia bila hodi, na siku atakapogundua atahamia akaunti usiyoijua. Kwa mtoto wa miaka 13, mwambie wazi kwamba kila Jumamosi mtakaa mtazame simu pamoja. Akifika 16, punguza. Anapaswa kujua unachotazama na kwa nini unakitazama.

Kukaa na simu mkononi

Tenga saa nzima, si dakika tano za mlangoni. Yeye ndiye ashike simu, na wewe uulize.

Mwanze na umri. Mitandao mingi huruhusu kuanzia miaka 13. Hesabu hiyo haikutokana na uchunguzi wa ukomavu wa watoto. Ilitokana na sheria ya Marekani ya 1998 inayozuia kampuni kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Kwa hiyo usidhani mtoto akitimiza 13 ameiva. Lakini mwaka wa kweli una faida ambayo vijana hawaijui. Kwenye TikTok, akaunti ya mwenye miaka 13 hadi 15 hufungwa yenyewe ili aidhinishe kila mfuasi, hawezi kuandikiwa ujumbe wa faragha, na kurusha matangazo ya moja kwa moja ni hadi afikishe 18. Aliyeandika kwamba amezaliwa 1998 ameuvunja ukuta huo kwa mkono wake. Kama kijana wako alidanganya, bora mfungue akaunti mpya kwa mwaka wake halisi, hata kama atalia kwa kupoteza wafuasi. Mtalia pamoja, kisha mtaendelea.

Kwenye WhatsApp, ingieni sehemu ya faragha. Picha yake ionekane kwa watu aliowahifadhi tu, na ruhusa ya kumwingiza kwenye magrupu iwe ya hao hao. Kisha wekeni namba ya siri ya ziada ya tarakimu 6, inayoitwa uthibitishaji wa hatua mbili. Mweleze sababu: kuna ujumbe unaokuja kwa jina la mtu anayemjua, “Samahani, nimekosea nimetuma kodi kwenye namba yako, nirudishie.” Kodi hiyo ndiyo ufunguo wa WhatsApp yake. Akiituma, mwenye kuipata anaingia na kuanza kuwaomba pesa shangazi zake wote. Tazameni pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Wapo waliokutwa na kompyuta ya mtu bwenini inasoma mazungumzo yao kwa miezi, kwa sababu aliachiwa simu dakika moja.

Paswedi ni somo la pekee, kwa kuwa adui wake wakati mwingine ni mapenzi. “Kama unanipenda nipe paswedi yako” ni kauli wanayoambiana watoto wa miaka 15, na kukataa kunaonekana ni kukiri una mwingine. Mpe njia ya kutokea. Mruhusu akutumie wewe kama kisingizio: “Mama ndiye aliyeiweka, mimi siijui,” au “Baba hukagua.” Kijana anayeona haya kukataa kwa jina lake atakataa kwa jina lako.

Kuhusu matapeli, tuna kitabu tayari. Kila Mtanzania mwenye laini amewahi kupokea ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Mkae mchambue ujumbe huo kama mnavyochambua shairi. Kwa nini hakutaja jina? Kwa nini anaharakisha? Kwa nini anajifanya mlikuwa mnaongea? Akishauelewa huo, mwonyeshe ndugu za ujumbe huo: kiungo cha bando la bure, mfadhili wa masomo anayetaka picha kwanza, wakala wa mitindo anayesema usimwambie mtu mpaka mkataba uwe tayari. Mtu anayemharakisha na papo hapo kumtaka afiche wazazi ni wa kumkimbia, hata awe mwalimu, hata awe binamu. Ujumbe wa kitapeli unapelekwa namba 15040 pamoja na namba iliyoutuma, na ni vizuri mtoto aupeleke kwa mkono wake mwenyewe.

Jambo moja linakuhusu wewe moja kwa moja. Laini ya mtoto wa chini ya miaka 18 kwa kawaida imesajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi. Ikitumika vibaya, jina litakalosomwa kwanza ni lako. Piga *106# utazame laini zilizo chini ya namba yako ya NIDA, na usiyoitambua uipeleke kwa mtandao husika ifungwe.

Koneksheni

Neno hili huenda hulijui, lakini kijana wako analijua. Video ya uchi ya msichana fulani ikivuja, vijana huombana kwenye maoni: “Naomba koneksheni.” Maana yake nipe hiyo video. Inapita grupu hadi grupu, na wengi wanaoipitisha wanadhani hawajafanya kitu kwa sababu hawakuirekodi.

Zungumza nao hasa wavulana, na uzungumze bila kuzunguka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 13, inakataza kuchapisha picha za ngono za mtoto, kuziweka zipatikane, au kurahisisha watu kuzifikia. Na mtoto, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, ni yeyote wa chini ya miaka 18. Kwa hiyo msichana wa kidato cha tatu ni mtoto, na mvulana wa darasa lake aliyepeleka video yake kwenye grupu amevunja sheria. Kifungu cha 23 kinakataza kutumia mtandao kumtisha au kumsumbua mtu. Lakini usiishie kwenye sheria, maana kijana anayeogopa kukamatwa atatafuta tu njia ya kutokamatwa. Mwambie juu ya yule msichana: kesho anaingia darasani, anapita kati ya madawati, na hajui ni nani kati yao ameitazama. Mwambie kwamba mwanamume wa kweli katika grupu hilo ni anayeandika “futeni hiyo” na kuondoka.

Kwa anayeombwa picha, mweleze kwamba ile ya kutazamwa mara moja tu haina ulinzi wowote, kwa kuwa simu ya pili inaipiga picha bila yeye kujua. Mweleze pia kwamba siku hizi programu za akili bandia zinaweza kutengeneza picha ya uchi kutokana na picha ya kawaida ya mtu aliyevaa nguo zake. Hivyo anaweza kuvuliwa nguo mtandaoni mtoto ambaye hakutuma chochote. Ndiyo sababu swali la “ulituma nini?” lisiwe la kwanza kutoka kinywani mwako.

Siku yakiharibika

La kwanza kusema ni: “Pole mwanangu. Umefanya vizuri kuniambia. Tutalimaliza pamoja.” Ukishasema hivyo, kaa naye. Usimwache peke yake usiku ule, hata akikuambia yuko sawa.

Msilipe. Anayelipwa mara moja hurudi, kwa sababu amejua pesa ipo. Msibishane naye, msimtukane, na msifute mazungumzo hata kama yanaumiza kuyaona. Pigeni skrinshoti za vitisho, jina la akaunti, namba ya simu, na namba ya kupokelea pesa kama aliitaja. Picha yenyewe ya uchi msiisambaze kwa yeyote, hata kwa jina la ushahidi. Afisa atakayehitaji kuiona ataiona kwenye simu. Baada ya hapo ripotini akaunti hiyo kwenye mtandao wenyewe, kisha mzuieni.

Kama ipo picha iliyopigwa mtoto akiwa chini ya miaka 18, kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na kituo cha Marekani cha NCMEC tangu 2023. Simu yenyewe hutengeneza alama ya kipekee ya ile picha, kama alama ya kidole, na alama hiyo tu ndiyo inayotumwa. Picha haitoki mikononi mwenu. Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat hutumia alama hizo kuitafuta na kuiondoa. Haifiki ndani ya mazungumzo ya WhatsApp, kwa hiyo kwenye magrupu kazi ni kumfuata msimamizi na kumtaka afute, na shuleni ni kumwona mkuu wa shule ana kwa ana.

Ukifika polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, usianzie kaunta kwenye foleni huku mtoto akisikilizwa na kila mtu. Ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya nayo inahusika, hasa kama mdhalimu ni ndugu na familia inataka “yaishe nyumbani”. Yasiishe nyumbani. Mtoto aliyeona wazee wakimlinda mjomba hatarudi tena kukuambia jambo.

Na kama wewe ndiye ambaye hataweza kumwambia, kwa haya au kwa hofu, awe na mtu mwingine mzima aliyemchagua mwenyewe: shangazi, bibi, mwalimu, mama wa jirani. Muulize leo ni nani, kisha ukamwambie mtu huyo kwamba amechaguliwa. Halafu hifadhini pamoja kwenye simu yake namba 116, simu ya msaada kwa mtoto. Inafanya kazi Tanzania na Kenya, na haikati salio.